Sauti ya Mama Victoire

Mungu alipogawa vipaji, Gédéon hakupewa kuimba, wala mpira, wala hesabu. Alipewa midomo ya watu wengine. Akikaa na mtu muda wa kunywa kikombe cha chai, aliondoka na kikohozi chake, na namna yake ya kumeza mate, na lile neno ambalo mtu hulirudiarudia bila kujua. Haikuwa wizi, kwa maana mwenyewe alibaki na vitu vyake vyote. Ndivyo Gédéon alivyojitetea kila alipoitwa kujitetea, na aliitwa mara nyingi.

Kule Lemera, alikosoma katika interna, shule ya bweni ya milimani, alfajiri moja yenye ukungu alisimama nyuma ya bweni na kuamuru, kwa sauti ya mheshimiwa prefe, mkuu wa shule, kwamba wavulana wote waende kanisani bila viatu. Bweni zima lilikwenda. Walikuwa wameshaanza wimbo, kwa moyo mmoja na kwa meno yanayogongana, prefe halisi alipotokea mlangoni na taulo shingoni akiuliza ni sikukuu ya mtakatifu gani. Gédéon alipewa adhabu ya kufyeka majani. Aliyafyeka kwa mwendo wa prefe, na inasemekana hata prefe aligeukia ukuta ili acheke kwa heshima.

Haya yanasimuliwa ili ieleweke kwamba hakuna aliyewahi kumwadhibu Gédéon bila kucheka kidogo. Hilo ndilo lililomharibu.

Alipoingia chuo mjini Uvira kusomea ustawi wa jamii, baba yake aliwatangazia majirani kwamba kijana anakwenda kujifunza kusaidia wenye shida. Majirani walimpa pole. Mwaka wa mwisho ulipofika, chuo kikawatawanya wanafunzi kwenye staji, yaani kufanya kazi yenyewe, na watu wenyewe, chini ya jicho la msimamizi. Gédéon na mwenzake Claire, msichana mpole aliyekuwa na haraka ya kuandika kila neno, walipelekwa kartie ya Kasenga, mtaa mmojawapo wa Uvira, kwenye ofisi ndogo ya vyumba viwili vya mabati iliyopakana na mulini ya kusaga mihogo.

Msimamizi wao aliitwa Mama Domitille. Alikuwa mwanamke mpana, mtulivu, aliyeingia katika nyumba nyingi za huzuni hata akajua kukalia kiti kibovu bila kukivunja. Usimamizi wake ulikuwa hivi: mwanafunzi ndiye aliyebisha hodi, ndiye aliyeuliza, ndiye aliyetoka jasho. Yeye alikaa karibu na mlango, akichambua mboga za mwenye nyumba kama zilikuwa karibu, na hakutia neno. Aliongea barabarani, wakati wa kurudi. Hapo mwanafunzi alitamani pikipiki imgonge.

Na kila Ijumaa alasiri walicheza. Neno ni lao wenyewe, si la dhihaka: mmoja alijifanya mgeni, mwingine alijifanya yule mtu waliyemtembelea, na mazungumzo yakarudiwa mbele ya msimamizi ili kila mmoja aone mahali alipokosea. Sheria ilikuwa moja na ngumu. Hakuna jina, hakuna barabara, hakuna kanisa analosali mtu. "Mama fulani," basi. Dirisha lilikuwa wazi, kwa maana joto la mabati ya Kasenga halina mzaha, na mulini ilinguruma mchana kutwa kiasi kwamba waliokuwa ndani walisikizana kwa taabu. Mama Domitille alipenda kusema kwamba hakuna ukuta unaotunza siri kama ile mashini.

Wiki ile walikuwa wamemtembelea Mama Victoire.

Kasenga nzima ilimjua, na zaidi ilijua sauti yake. Alikuwa muuza ndagala, wale dagaa wadogo wa ziwani, na kila asubuhi alipita na beseni kichwani akiita, kwa sauti nzito iliyokwaruzwa na moshi, sauti iliyopanda polepole na kuanguka ghafla mwishoni kama mtu aliyekosa ngazi. Kabla ya kusema jambo lolote, hata kutaja bei, alitanguliza "sikia sana." Akimaliza, alifunga na "Yesu anaona." Aliishi na Fabiola, mtoto wa dada yake marehemu, msichana mkubwa, mkimya, aliyejifunza kushona katika ateliye ya Mama Léocadie na kuimba katika korale. Watu wa kartie walijua kwamba Fabiola alitoka masomoni Lemera.

Gédéon alifurahi kusikia hivyo.

"Lemera?" alimwuliza msichana. "Minye pia nilisoma kule. Weye ulilala bweni gani ya wasichana? La juu, ama lile linalovuja?"

Fabiola aliangalia sakafu. Mama Domitille, pale mlangoni, aliacha kuchambua majani ya lenga-lenga.

"Fabiola," Victoire akasema, "enda uchote maji."

Bidoni ilikuwa imejaa. Fabiola aliitazama, akamwaga maji nje, akaenda.

Victoire akavuta kiti. "Sikia sana, mwanangu. Mutoto huyu hakutoka ku masomo. Batu ya bunduki walimukamata ku njia ya shamba, wakaenda naye ku pori. Alikaa nao mpaka alipotoroka. Mambo waliyomufanyia kule, minye simuulize. Sikatae kujua. Naogopa ataniambia." Akameza mate. "Hapa kartie wanajua Lemera tu. Ateliye ilimupokea sababu ya Lemera. Korale vilevile. Mama Domitille anajua, na sasa munajua. Muzike hii maneno hapa chini, ndani ya hii nyumba. Munanisikia? Yesu anaona."

Gédéon aliapa kwamba ameyazika. Aliapa kwa sauti yake mwenyewe, jambo lisilomtokea mara nyingi, na kila aliyemwona angesema kijana anamaanisha. Alimaanisha.

Ijumaa ilipofika, Claire alikuwa mgeni. Gédéon aliazima kitenge cha mwenzake, akakifunga kichwani, akavuta kiti kama kilivyovutwa, na kabla hajafungua mdomo Mama Domitille alishaanza kutikisika mabega. Hakutaja jina. Hakutaja barabara, hakutaja ndagala. Aliitii sheria kama mtawa. Lakini alitanguliza "sikia sana" kwa ule mkwaruzo wa moshi, na ile sauti ikapanda, ikaanguka ghafla mwishoni, na msimamizi akacheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa nguo yake. Claire alicheka huku akiziba mdomo. Mulini ilinguruma. Gédéon hakuwa amewahi kuwa na Ijumaa njema kama ile.

Ndipo umeme ulipokatika.

Mulini ikazunguka kidogo kwa uvivu, ikakohoa, ikanyamaza. Msanii yeyote angefikiri kama alivyofikiri Gédéon: kwamba dunia imetulia ili imsikilize. Akashusha sauti kama Victoire alivyoishusha, na sauti ile ilikuwa na tabia moja mbaya, kwamba ikishuka ndipo inapofika mbali.

"Mutoto huyu hakutoka ku masomo," alisema. "Batu ya bunduki walimukamata ku njia ya shamba, wakaenda naye ku pori."

Aliendelea na yote, mpaka kumeza mate, mpaka muzike hii maneno hapa chini. Aliyatoa vizuri sana. Mama Domitille alikuwa ameacha kucheka, na Gédéon alidhani amemgusa moyo.

"Mulini," Mama Domitille alisema. "Mulini imenyamaza."

Nje ya dirisha, wanawake walikuwa wamekaa kwenye foleni na mabeseni yao ya mihogo mikavu, wakingoja umeme urudi. Hawakuwa na kazi nyingine ila kusikia. Mmoja akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayemtambua jirani yake redioni:

"Ile si sauti ya Victoire wa ndagala?"

Jumapili, katika korale, wasichana wawili waliosimama kando ya Fabiola walisogea kidogo upande wa ukuta. Walisogea tu, kama watu wanaotafuta hewa. Jumatatu Mama Léocadie wa ateliye alimwambia apumzike nyumbani kwanza, mpaka maneno ya watu yatulie. Kuna mteja aliyekuwa amekuja kuchukua nguo ya arusi na kuuliza kama mikono ile ndiyo iliyoishona. Naye Victoire alipopita asubuhi na beseni lake akiita ndagala, watoto wa barabara walimwitikia kwa nyuma: "Sikia sana. Alitoka ku pori." Aligeuza njia, akarudi nyumbani na beseni limejaa, na kesho yake hakutoka.

Yote haya Claire ndiye aliyeyaleta ofisini, akilia. Gédéon hakulia. Alikaa kwenye kiti akijaribu kukumbuka ni wapi alipovunja sheria, na hakupapata, na hilo lilimtisha kuliko kama angepapata.

"Tunaenda," Mama Domitille alisema. "Weye na minye."

Safari hii aliongea wakati wa kwenda.

"Niko na wazo, Mama," Gédéon alianza, wakikwepa tope mbele ya maduka. "Nitaenda ateliye. Nitawaambia nilisoma naye. Bweni, mwalimu wa dini, mupishi aliyelala na funguo ya stoo shingoni, nitawataja wote. Minye nilikuwa Lemera kweli. Nani atabisha? Nitasema Ijumaa tulikuwa tunacheza hadisi ya uongo."

"Watakuamini?"

"Watanisadiki kabisa."

"Najua. Hiyo njo inaniogopesha." Akavuka dimbwi. "Unajua kosa lako iko wapi?"

"Dirisha."

"Dirisha iko kosa yangu. Na kucheka iko kosa yangu, nitaibeba mwenyewe. Yako iko ingine." Lakini hakuitaja, kwa sababu walikuwa wamefika.

Nyumba ilinuka ndagala zilizokaa. Victoire alikuwa juu ya mkeka, mgongo ukutani, na Fabiola alikuwa amesimama akiwa amevaa nguo zake za kwendea ateliye, kama mtu aliyevaa asijue aende wapi. Mama Domitille alikaa mlangoni. Hakukuwa na mboga za kuchambua, kwa hiyo alishika mikono yake.

"Mama, nimekuja kuomba..." Gédéon alisema.

Victoire aliinua kiganja. Tangu siku ile aliyorudi na beseni alikuwa akizungumza kwa kunong'ona, na kwa mgeni huyu hakutaka kutoa hata huo mnong'ono.

"Hataki kuongea mbele yako," Fabiola alisema. "Anasema sauti yake iko kwako."

Gédéon alitafuta jibu katika midomo yote aliyoimiliki. Prefe hakuwa nalo, wala padri, wala baba yake.

"Walisema ulicheza muzuri," Fabiola aliendelea. "Kartie yote ilisikia. Bamama ya mulini walisikia, watoto ya barabara walisikia. Minye mwenye maneno, minye sikusikia. Nilitumwa maji." Alikaa chini, mbele yake, akakunja miguu. "Cheza."

"Dada, tafadhali."

"Cheza. Kama ulivyocheza."

Gédéon alimtazama Mama Domitille. Alikuwa msimamizi, na kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni bila kutia neno, na aliifanya.

Basi akacheza. Hakufunga kitenge. Alisimama na mikono yake ikining'inia, akaomba kimoyomoyo kwamba kwa mara hii moja kipaji kimwache, sauti ivunjike, watu waone ni mzaha mbaya wa mtoto. Akasema, "Sikia sana, mwanangu." Ikatoka sawasawa. Ule moshi, kule kupanda, lile anguko la mwisho. Victoire pale ukutani alishtuka kama mtu aliyepita mbele ya kioo bila kutarajia.

Ni kitu kigumu kuelezea, namna chumba kinavyokuwa mtu anapoigizwa mbele yake na hakuna anayecheka. Gédéon alipita kwenye njia ya shamba, akapita pori, akafika pale pa kuogopa. "Mambo waliyomufanyia kule, minye simuulize. Sikatae kujua. Naogopa ataniambia." Akameza mate pale pa kumeza.

"Komea hapo," Fabiola alisema.

Akakomea.

Fabiola alimgeukia Victoire. "Mama mudogo. Ulisema hivyo?"

Victoire aliitika kwa kichwa.

"Minye nilizani hutaki kujua. Tangu nifike. Nikianza kuongea unanituma ku maji, ku chumvi, ku makaa. Nilizani unaona haya juu yangu."

"Haya?" Ilikuwa mara ya kwanza Victoire kutoa sauti siku ile, na ilitoka nyembamba, bila mkwaruzo, sauti ambayo Gédéon hakuwa nayo. "Hapana, mutoto. Hapana haya."

Hawakukumbatiana. Victoire alinyosha mkono na kuushika mguu wa Fabiola pale kisiginoni, basi, akaushikilia.

Gédéon, kwa kuwa alikuwa Gédéon, alidhani mlango umefunguka kidogo. Akatoa wazo lake la Lemera. Alilitoa vizuri, na bweni, na mpishi, na funguo. "Wakikuuliza chakula," alimalizia, "sema maharagi. Asubuhi maharagi, jioni maharagi. Huwezi kukosea."

Kitu kilicheza kwenye kona ya mdomo wa Fabiola, kikafa hapo hapo.

"Nimechoka kusoma ile shule," alisema. "Kila siku iko somo mupya. Jina ya mwalimu, rangi ya iniforme. Nikilala naogopa mutihani." Akasimama, akajipangusa nguo. "Naenda ateliye. Munisindikize kama munataka. Lakini weye funga mudomo."

Ateliye ya Mama Léocadie ilikuwa chumba kimoja kirefu, mashini za kushona zikitazamana, na mabenchi. Walipoingia, miguu yote iliacha kukanyaga. Mama Domitille alijitafutia mahali karibu na mlango. Gédéon alisimama nyuma yake.

"Fabiola, mwanangu," Mama Léocadie alisema, "sikukufukuza. Nilisema upumzike."

"Nimepumzika." Alisimama katikati, mikono nyuma, kama mwanafunzi wa shule ile asiyoisoma. "Mambo muliyosikia iko kweli. Walinikamata, sikuenda mwenyewe. Mukitaka kujua ingine, muniulize minye. Musiulize mulini."

Mwanamke mmoja aliinamia sindano yake akatafuta tundu lililokuwa tayari na uzi. Mama Léocadie alimtazama Fabiola, kisha akaangalia nje, barabarani, kunakotoka wateja, na ilionekana wazi kwamba ni mtu mwema anayepiga hesabu.

"Mashini yako iko," akasema mwishowe. "Lakini tutaiweka kule nyuma kwanza. Ku pazia. Kwa muda kidogo."

Fabiola alisubiri kidogo, kama angepewa neno lingine. Hakupewa. Akashika mashini upande mmoja, na kwa kuwa ilikuwa nzito na hakuna aliyeinuka, Gédéon alitoka nyuma ya msimamizi wake akashika upande wa pili. Waliibeba mpaka nyuma ya pazia, mahali penye vipande vya vitambaa na giza kidogo. Fabiola alikaa, akatia uzi, akaanza kukanyaga. Hakumshukuru, na Gédéon hakutarajia.

Wakirudi, walikuwa wamekaribia ofisi Mama Domitille alipopunguza mwendo.

"Nitawaambia chuo kwamba staji yako imeanguka," alisema. "Utairudilia mwaka ujao, mahali pengine. Nitawaambia pia kwamba msimamizi wako alicheka. Watafanya wanavyoona."

"Ndiyo, Mama. Na kosa lile ambalo hukunitajia?"

"Unabebaka sauti ya watu, huulizi kama walikupa." Akatafuta funguo. "Minye nilikuona unaibeba, nikafurahi."

Mulini ilikuwa kimya, umeme ulikuwa umekatika tena, na wanawake walikuwa kwenye foleni na mabeseni yao. Walipomwona Gédéon walichangamka.

"Yule njo yeye," mmoja alisema. "Kijana, njoo utuchezee kidogo. Tunangojea tu hapa."

"Tuchezee ile ya Victoire."

Gédéon alipita akiangalia miguu yake. Hakuwa amevuka kona wakati mmoja wao alipojaribu mwenyewe. "Sikia sana, mwanangu." Aliifanya vibaya, bila moshi, na anguko la mwisho alilikosa kabisa, na wote wakacheka, na mwingine akasema hapana, si hivyo, ngoja nikuonyeshe.

Asubuhi yake, akifunga begi lake chumbani alikopanga, alisikia beseni likipita barabarani. Victoire alikuwa ametoka. "Ndagala," aliita, na sauti ilikuwa na woga mwanzoni, kisha ikapata moshi wake, ikapanda. Mahali fulani watoto waliitikia kwa nyuma. Yeye hakunyamaza, aliita tena, juu yao, na ikaanguka ghafla mwishoni kama kawaida.

Gédéon alisimama dirishani. Aligundua kwamba midomo yake inatikisika, inamfuata neno kwa neno bila kuagizwa. Akaiziba kwa kiganja, akaishikilia hivyo mpaka mama yule alipofika mbali.